Funda la Uaminifu

Nilipofika Nizwa, Omani, likizo ya Agosti, mwaka 1984, nilidhani nimeiacha shule ya bweni nyuma yangu, kule Limuru kwenye ukungu na uji usio na sukari. Kumbe shule ilikuwa imenitangulia. Ilipanda ndege, ikavaa tai, ikakaa kwenye kiti cha mudiri, yaani meneja, wa kiwanda cha soda ya Marjani, na jina lake lilikuwa ami yangu Thabit.

Ami Thabit ni mdogo wake baba. Alitoka Unguja angali kijana kwenda kusoma Ulaya, akakaa huko miaka na miaka. Wenziwe waliporudi na wake wa Kizungu, yeye alirudi na fikra. Mke usiku hulala. Fikra hazilali.

Fikra yenyewe ilikuwa hii: mfanyakazi akiipenda kampuni kwa moyo, ataisifu soda yake hata msibani. Na moyo, kwa maelezo ya Ami, haununuliwi kwa mshahara. Unalelewa na mazingira. Basi akaipaka ofisi nzima rangi ya Marjani, yaani rangi ya chungwa lililokasirika. Kuta, meza, mpaka mlango wa choo. Akaweka maua ya plastiki ambayo tuliyapangusa vumbi kila asubuhi kwa adabu, kama wazee wagonjwa. Akawapa watu wote mashati ya rangi ile ile yenye chupa kifuani. Akatundika kengele uani. Halafu akaigeukia ile kona ya ofisi yenye jamvi, dele la kahawa na sahani ya tende, ambapo tangu kampuni ianze watu walikaa chini saa nne asubuhi wakanywa, wakagombana na wakapatana. Jamvi likakunjwa. Dele likaenda stoo. Mahali pake ikaja friji ya kioo, imejaa Marjani.

"Ofisi si baraza," Ami alitangaza.

"Na ofisi isiyo na baraza ni nini, ya mudir?" aliuliza Bi Kaltham.

"Ni ofisi."

"Aa. Ndiyo maana naona baridi."

Bi Kaltham alikuwa mwanamke wa Kiunguja, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Yeye ndiye aliyepokea simu za maduka na kupanga magari yaende wapi, tangu kiwanda kilipokuwa chumba kimoja na mashine moja inayokohoa. Alikuwa analea wana wawili wa marehemu dada yake, na mshahara ule ndio uliokuwa chakula chao, sare zao na paa lao. Mtu yeyote pale kiwandani angekwambia hivyo, maana pale jamvini hakuna siri iliyodumu.

Mimi niliajiriwa kwa likizo ile kwa cheo cha mwangalizi wa ari. Ami aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Turkiya, wewe umesoma bweni. Unajua nguvu ya wimbo wa shule, na beji, na mstari wa asubuhi."

"Naijua sana, Ami," nilisema, wala sikusema uongo. Hakuna anayezijua kuta za jela kama mfungwa.

"Basi nataka wimbo wa kampuni. Uwe na heshima. Mtu akiuimba, asimame wima hata kama anaumwa kiuno."

Niliutunga jioni moja, na nakiri ulikuwa na heshima kupita kiasi:

*Ewe Marjani yetu, utamu wa ulimwengu,*
*Twakupa tulivyo navyo, roho, maini na wengu,*
*Tukikunywa twasahau, ya dunia na machungu,*
*Tukifa tumiminiwe, kaburini kwa mafungu.*

Ami aliusoma mara mbili, akavua miwani, akafuta macho. Bi Kaltham aliusoma mara moja.

"Mwanangu, umemtungia kweli, au unamcheza shere?"

"Kweli, Bi Kaltham. Kweli namcheza shere."

"Haya. Lakini jihadhari. Ukimtania mtu asiyejua anataniwa, ataamrisha."

Akaamrisha. Kila asubuhi kengele ililia, tukapanga mistari uani, kila mtu na chupa yake mkononi. Tuliimba beti zote, kisha Ami akanyanyua chupa juu na sote tukanywa kwa pamoja lile aliloliita funda la uaminifu. Marjani ya saa moja asubuhi, kabla mtu hajaona hata mkate, ilikuwa tamu ya kulifanya jino likiri makosa yake yote. Watu walikunywa wakikunja uso, wakaenda kazini wakicheua.

Bi Kaltham alisimama mstarini kama wengine, lakini chupa hakuigusa, na midomo aliifumba. Mstari ukivunjika alikwenda kwenye simu yake, akafungua chupa ya chai aliyotoka nayo nyumbani, akajimiminia kahawa ya hiliki. Harufu ilitambaa ofisi nzima. Madereva walipita mezani kwake bila sababu yoyote, wakavuta pumzi, wakaondoka wameshiba.

Aliyekuwa karibu naye kwa ukaidi ni Thuwaini, dereva wa lori la Sur na Ashkhara. Alizaliwa Ibra, akakulia Pemba, akarudi na ndevu na Kiswahili cha karafuu. Yeye kinyongo chake kilikuwa shati.

"Nikifika Ashkhara na vazi hili," alisema, "wavuvi wananiuliza bei ya mapapai."

"Lakini si unaipenda kampuni?" nilimchokoza.

"Binti, mimi mwaka jana nilitaka kupigana na mtu harusini Sur kwa sababu alileta soda ya watu wengine. Nani alinituma? Hakuna. Sasa nimetumwa, na mtu akinituma kupenda, mimi hurudi nyumbani kulala."

Nilifanya nilichofundishwa na shule. Asubuhi moja kengele ilikutwa imekatika ulimi. Ilitikiswa, haikusema kitu. Iliundwa kamati ya uchunguzi, mwenyekiti nikawa mimi, na baada ya kuwahoji wote kwa ukali mkubwa nikaripoti kwamba kengele ilikufa kwa ajali ya Mungu. Kesho yake Ami alituita kwa honi ya gari. Nikajifunza kwamba bidhaa ya Ulaya haikatiki ulimi kirahisi.

Kisha ukaja mwaliko. Sheikh Mahrous, mwenye kampuni, mzee wa Nizwa ambaye ofisini hakukanyaga tangu ifunguliwe, alitualika wote shambani kwake Birkat al Mauz siku ya Alkhamisi. Kila mwaka alifanya hivyo, watu wakala, wakanywa kahawa, wakarudi na mikungu ya ndizi. Lakini Ami aliupokea mwaliko kama mwaliko wa gwaride. Alisimama uani, suti yake imenyooka kuliko yeye.

"Alkhamisi Sheikh ataona kampuni mpya. Kila mtu atavaa. Kila mtu ataimba. Kila mtu atakunywa Marjani mbele yake." Aliikaza tai yake. "Asiyekunywa, Jumamosi asije."

Hakumtazama Bi Kaltham. Hakuwa na haja. Sisi sote tulimtazama kwa niaba yake.

Mchana ule nilimfuata mezani. Alikuwa anaongea na duka la Sur, akicheka, akimuuzia mtu makatoni ambayo mtu yule hakujua kama anayataka. Alipoweka simu, nilikaa juu ya kreti.

"Bi Kaltham, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kama mjumbe au kama mwanangu?"

"Kama mwanao. Funda moja tu, Bi Kaltham. Fumba macho, meza, yaishe. Wale watoto je?"

Alipangusa simu kwa ncha ya mtandio wake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe hukuwapo. Ami yako naye hakuwapo, alikuwa Ulaya anasoma. Sisi tuliobaki Unguja baada ya Mapinduzi tulipangwa mistari. Tukapewa nguo za kuvaa na nyimbo za kuimba, na akasimama mtu mbele kuangalia mdomo wa nani unacheza na wa nani hauchezi. Nikaimba, Turkiya. Niliimba vizuri, nikapigiwa makofi, na nikienda nyumbani nilikuwa siwezi kumtazama mama usoni. Fungu langu la kuimba nimelimaliza."

"Lakini Ami si mtu mbaya."

"Nani kasema mbaya? Ni mtu mzuri mwenye honi." Simu ikalia, akainyanyua, kisha akaifunika kwa kiganja. "Kampuni nimeipa mikono yangu, na masikio yangu, na sauti yangu saa za kazi. Mdomo wangu hauko katika makubaliano."

Nikarudi kwa watu na kuwafundisha urithi bora kabisa wa shule ya bweni: kuimba bila kuimba. Unafungua mdomo wote, unainua nyusi kwenye sauti ya juu, unafunga macho kwenye maneno ya uchungu, na hutoi hata pumzi. Vijana wa mitambo waliipata mara moja. Thuwaini alikawia, maana ndevu zake zilificha kazi yake yote.

Alkhamisi tulifika Birkat al Mauz katika basi la kukodi, rangi ya chungwa dirisha hadi dirisha. Bi Kaltham peke yake alivaa baibui lake jeusi, akakaa kiti cha mbele kama mbegu ndani ya tunda. Majamvi yalikuwa yametandikwa chini ya mitende, akina mama upande huu wa falaji, ule mfereji wa maji ya shamba, na wanaume upande wa pili, na maji yanapita katikati mapana ya hatua moja. Sheikh Mahrous alitupokea kwa fimbo na tabasamu. Aliwahi kukaa Unguja ujanani, lakini Kiswahili kilichombakia kilikuwa cha kununua muhogo na kumtukana punda, kwa hiyo aliongea Kiarabu na Thuwaini akawafasiria waliokuwa wazito wa Kiarabu, akiwemo mudiri wetu.

Kabla hatujakaa, Ami alipiga makofi.

"Ya Sheikh, familia ya Marjani ina zawadi."

Tukapanga mstari. Ami akanyoosha mkono, akaanzisha. Midomo yote, isipokuwa wa Bi Kaltham, ikafunguka. Nyusi zikapanda. Na shamba zima likasikia sauti moja tu, ya Ami Thabit, nyembamba na ya peke yake, ikiitoa roho, maini na wengu. Kwenye mstari wa kaburi aligeuka kututazama, akaona midomo inacheza, akadhani masikio yake yameziba. Akaongeza sauti. Punda wa jirani akajibu.

"Mashaallah," alisema Sheikh alipomaliza. "Una sauti, ya Thabit. Na hawa wote wanaomba dua?"

Ami alikuwa mwekundu kuliko shati lake. "Marjani sasa! Leteni Marjani!"

"Ngoja," alisema Sheikh. "Kwangu kahawa ndiyo inayotangulia."

Wanawe wakaanza kumimina upande wa wanaume. Upande wetu Sheikh alivuka mwenyewe na dele, kwa heshima ya akina mama wa kazi, akaanzia kwa Bi Kaltham aliyekuwa wa zamani kuliko wote. Bi Kaltham akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akashukuru kwa Kiarabu kizuri cha Nizwa, akakiweka chini juu ya jamvi. Hakukigusa tena. Akakunja mikono mapajani.

Sheikh, ambaye alikwisha kunimiminia na mimi, akasimama na dele mkononi. Ng'ambo ya falaji, Thuwaini alitazama, akashusha kikombe chake chini, taratibu. Aliyekaa ubavuni mwake akashusha chake. Kisha vijana wa mitambo. Mimi sikuelewa kinachotendeka, lakini watu wangu walikuwa wanakataa kitu, na sijawahi kukosa katika jambo la namna hiyo. Nikaweka changu.

Maji tu yanapita.

Ami Thabit alielewa kwa namna moja: wamekataa wimbo, na sasa wanaisusa hata kahawa ya mwenye kampuni, mbele ya uso wake. Akaruka falaji, kiatu kimoja kikaingia majini.

"Samahani, ya Sheikh! Hawa hawana adabu, hawajafundishwa!" Na kwa kuokoa heshima ya kampuni akainama, akakinyakua kikombe cha Bi Kaltham, akakinywa chote kwa mkupuo.

"Ya mudir," aliita Thuwaini, "acha!"

"Nyamaza wewe!" Akanywa cha kwangu. Akavuka tena, kiatu cha pili kikaingia majini, akanywa cha Thuwaini, akashika safu ya vijana, kikombe baada ya kikombe, kahawa ya moto, machozi yanamtoka, kama mtu anayezima nyumba inayowaka. Sheikh alipoona mwanawe anataka kumzuia, alitikisa kichwa.

"Mwacheni amalize."

Akamaliza. Alisimama katikati ya wanaume, anapumua hiliki.

"Umeshiba?" aliuliza Sheikh.

"Samahani sana, ya Sheikh."

"Kaa. Kaa nikwambie." Mzee aliketi ukingoni mwa falaji, fimbo magotini, na Thuwaini akafasiri neno kwa neno, polepole, kwa raha ya mtu anayekula halwa. "Mgeni akipewa kahawa akaiweka chini, hajaikataa. Ana haja kwa mwenye nyumba. Hainywi mpaka aulizwe haja yake na aahidiwe. Nilikuwa nataka kumuuliza huyu mama. Umeniwahi."

"Mimi sikujua."

"Babu yangu alikuwa akisema, anayekunywa kikombe cha mwenye haja ameibeba haja. Haja yake sasa haiko kwangu. Iko tumboni mwako."

"Lakini, ya Sheikh, sikujua!"

"Kikombe hakikukuuliza kama unajua."

Thuwaini alilifasiri hilo mara mbili, kwa usalama. Kisha akaongeza la kwake. "Ungekaa jamvini nasi siku moja tu, ya mudir, ungelijua hili kabla ya tende ya pili."

Ami alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anahesabu vikombe, akaogopa jumla. Mwisho akamgeukia Bi Kaltham, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Nizwa nikamsikia anauliza swali ambalo jibu lake halijui.

"Haja yako nini, Bi Kaltham?"

Bi Kaltham hakusimama, wala hakupaza ile sauti yake nene.

"Kazi yangu niifanye. Nguo yangu niivae. Mdomo wangu, kwa kinachoingia na kinachotoka, uwe wangu. Sitaimba leo, wala Jumamosi, wala ukinipa ufunguo wa kiwanda. Na kama kwa hilo utanifukuza, nifukuze hapa mbele ya mzee huyu, nisikie kwa masikio yangu."

"Lakini mimi sikutaka... Bi Kaltham, nisikilize. Mtu asiyesimama nasi, asiyeinua chupa nasi, nitajuaje anaipenda kampuni?"

"Wakati hukuuliza, tulikuwa tunaipenda."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, niliyeajiriwa kuangalia ari.

Sheikh Mahrous alichora mstari vumbini kwa fimbo yake, akangoja. Hakumsaidia. Ami alivua kiatu cha kwanza akamwaga maji, akavua cha pili akamwaga, akavivaa tena vikiwa vimelowa.

"Jumamosi njoo," alisema.

"Kazini?"

"Kazini."

"Sema na hilo lingine."

"Bila funda. Bila wimbo. Bila shati."

"Ahsante, mudiri."

Thuwaini akakohoa. "Ya mudir, changu kilikuwa cha tatu."

Basi tukakaa mpaka adhuhuri, na Ami akasikiliza haja moja baada ya nyingine, nyingine za kweli na nyingine, nasikitika kusema, zilizobuniwa pale pale na vijana wa mitambo. Zamu yangu ilipofika alinitazama kama damu yake mwenyewe iliyomsaliti, na mimi kwa unyenyekevu mkubwa nikaomba isitajwe kwamba wimbo ule niliutunga mimi. Alinikatalia. Alisema kutajwa kama mtunzi wa wimbo ule ndiyo adhabu yangu. Nilimheshimu kidogo kwa hilo.

Jumamosi kuta zilikuwa bado rangi ya chungwa. Ami hakuwa mtu wa kupaka rangi mara mbili. Mstari uani ulikuwepo pia, kwa anayetaka. Walisimama wanne, na wawili kati yao walikuwa wanamngoja fundi wa mashine. Bi Kaltham aliingia lango kuu kwa baibui lake, akawapitia mbele, hakuongeza mwendo wala hakuupunguza, akatoa salamu, akaitikiwa. Ami alimfuata mpaka mlangoni mwa ofisi, akasimama pale mikono mifukoni, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Simu ikalia.

"Marjani, Nizwa, sabahalkheri," alisema Bi Kaltham, na sauti ile ikaijaza ofisi yote. Akasikiliza. Akatabasamu. Kisha akaifunika simu kwa kiganja, akamtazama mudiri wake moja kwa moja.

"Ibra wanataka lori la pili kabla ya Ijumaa. Niwaimbie au niwauzie?"

Ami Thabit aliitoa mikono mifukoni.

"Wauzie," alisema.